Kilichobaki Kwenye Beseni

Nilipoingia chuo nilikuwa na ujuzi mmoja tu wa kujivunia, nao ulihusu utumbo wa ng'ombe. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao. Ng'ombe wakaisha, baba akafariki, mama akabaki Makanyagio, mtaa wa Mpanda mjini, akiuza supu ya ng'ombe wa watu, pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Tangu nina akili zangu nimekuwa nikigeuza utumbo ndani nje, kuumwagia maji ya moto na kuukwangua kwa kijiko mpaka unakuwa mweupe. Wenzangu walikuja chuoni na alama za kutisha za kemia. Mimi nilikuja na vidole vinavyoweza kutofautisha utumbo mwembamba na mnene huku nimefumba macho, na mdomo wa kulisema hilo kila nilipopata nafasi.

Kwa hiyo nilipoona kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza kwamba kuna somo la seli na tishu, nilicheka. Nikajua hapa nimefika nyumbani.

Wiki ya kwanza tu nikanyamazishwa. Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye sote tulimwita Madam, alitugawia vijiti vya meno. Akatuambia tujikwangue ndani ya shavu, kwa upole, tupake kwenye kioo, tutie tone la rangi ya bluu. Nikainamia hadubini. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe zikipepesa. Nikazungusha kile kigurudumu cha pembeni, taratibu, na ghafla vikatokea vitu vyembamba vilivyotawanyika kama mayai ya kukaanga, kila kimoja na kiini chake katikati.

"Madam, hivi ni nini?"

"Ni wewe," akasema, akapita kwenda kwa mwingine.

Neno hilo nilitembea nalo siku nzima. Maana kama yale ni mimi, na yamebanduka kwa kijiti tu, basi nikila ugali huwa najimeza kiasi gani? Na yale yaliyobaki kwenye kijiti nilichotupa kwenye ndoo ya taka, bado ni mimi au siyo tena? Kipindi kilichofuata nilimuuliza Madam. Akanitazama, akasema niliandike swali hilo nyuma ya daftari na kwanza nijibu lile alilonipa yeye. Nyuma ya daftari langu kukajaa haraka kuliko mbele.

Kazi za maabara tulifanya wawili wawili. Mwenzangu alitoka upande wa Mishamo, mtoto wa wakulima ambao babu zao walitoka Burundi, na kwao bado wanasalimiana kwa Kirundi. Alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliotangulia malaria ilimkuta wiki ya mitihani, akaifanya hivyo hivyo huku anatetemeka, akafeli. Sasa alibakiwa na nafasi moja. Akifeli tena somo hili anadisko, yaani chuo kinamfuta na anafungasha virago. Hakuwa mtu wa kulialia. Alichofanya ni kuandika kila kitu kwenye daftari lake, na pembeni ya kila kitu anaandika saa, kutoka kwenye saa ya mkononi aliyopewa na baba yake siku alipoondoka nyumbani. Nilimtania sana kwa hiyo saa. Nilimwambia hata akipiga chafya ataandika dakika.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa moja: kila jozi itengeneze slaidi yake ya utumbo mwembamba, kuanzia machinjioni mpaka kwenye kioo. Madam alitueleza kwa nini saa ni muhimu. Mnyama akishakufa, alisema, yale majimaji yanayomeng'enya chakula ndani ya utumbo hayana habari kwamba mwenyewe amekufa. Yanaendelea na kazi, na yakikosa chakula yanaumeng'enya utumbo wenyewe. Dawa ni kuutumbukiza mapema kwenye formalini, ambayo inasimamisha kila kitu pale kilipo. Ukichelewa, utaona magofu. Tuliandikishwa saa ya kuchinja na saa ya kuingiza kwenye formalini, na chini yake aliyeshika saa anatia saini.

Bila kubishana tukagawana. Yeye saa na formalini, mimi kisu.

Tulikwenda kwenye machinjio madogo yasiyo mbali na chuo, asubuhi mapema, wakati ng'ombe waliotoka kijiji cha Kasansa wanaingizwa. Niliongea na wachinjaji kwa Kisukuma, wakacheka, wakanikatia mimi kwanza. Mwenzangu akaenda kuchukua chupa ya formalini aliyoiacha kwenye boksi lililofungwa nyuma ya pikipiki tuliyokuja nayo. Nikabaki na kipande changu mkononi, urefu wa kidole, kinateleza, na yale majani ya kijani ya tumboni yakinichuruzikia kwenye kiganja. Nikaona aibu. Nitampelekeaje Madam kitu kama hiki? Hatua chache kutoka pale mama muuza chai alikuwa na sufuria ya maji yanayochemka. Nikamwomba kikombe kimoja. Nikageuza kipande, nikakimwagia, nikakikwangua kwa mgongo wa kisu mara tatu nne, nikakigeuza tena kama kilivyokuwa. Haikufika dakika mbili. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imekunjwa mfukoni, wala sikuikumbuka. Mikono ilifanya inachofanya kila siku.

Mwenzangu aliporudi alikitazama. "Eh, dada, nyie Wasukuma mnajua nyama. Kisafi hivi?"

"Kwetu utumbo mchafu hauingii kwenye sufuria," nikamjibu, nikajipiga kifua.

Akakitumbukiza kwenye chupa, akatazama saa, akaandika. Kuchinja, saa kumi na mbili na dakika tano. Formalini, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa. Akatia saini.

Wiki iliyofuata tulikihamisha kipande kutoka dawa moja hadi nyingine, tukakizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, tukakiacha kigande. Pale mwenzangu alikuwa fundi, kwa sababu baba yake ana mizinga ya nyuki na amekua akiichezea nta. Alilalamika tu kwamba nta ya maabara inanuka mshumaa. Halafu mashine ikakikata vipande vyembamba ambavyo ukivipulizia pumzi vinapotea, tukavitia rangi, zambarau na pinki. Sijawahi kusubiri kitu kwa hamu kama nilivyousubiri ule utumbo. Nilikuwa nimeshika tumbo la ng'ombe maisha yangu yote na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nakwenda kuliona.

Ilikuwa Ijumaa. Jozi ya kwanza waliita, tukakimbilia kuchungulia, na kweli kulikuwa na vile vidole ambavyo Madam alivichora ubaoni: vidole vidogo vingi vimesimama vikielekea ndani ya utumbo, kila kimoja kimevikwa safu ya seli zilizobanana. Hizo seli za juu, zinazofunika, ndizo epithelia, na ndizo zinazonyonya chakula. Katikati yake zilijitokeza nyingine zenye umbo la kikombe, zimejaa ute. Ilinijia hamu ya kukaa pale mpaka jioni. Wakanivuta shati nikatazame slaidi yangu mwenyewe.

Kwetu hakukuwa na kitu. Nyama ya nje ilikuwepo, safi, imepangika vizuri, lakini tulipofika ndani, pale palipotakiwa kuwa na vidole, ukuta ukaishia tu. Tukasogeza kioo kushoto, tukasogeza kulia. Patupu.

Madam akainama, akatazama kwa muda. Alipoinuka hakunitazama mimi. Alimtazama mwenzangu.

"Huu umejimeng'enya. Umekaa saa mbili, pengine tatu, kabla ya kuingia formalini. Na hapa umeandika dakika ishirini na nne na ukatia saini." Sauti yake haikupanda. "Kuchelewa ni kosa dogo. Kuandika uongo ni jambo lingine kabisa. Jumatatu napeleka jina lako kwa mkuu wa idara."

Wote tulijua maana yake. Sifuri ya somo zima, na kwa anayerudia mwaka, sifuri ni kwenda nyumbani.

Damu ikanichemka. "Madam, hajachelewa! Mimi nilikuwepo!"

"Mimi naamini kioo," akasema.

"Basi kioo ndicho kinachosema uongo!"

 Madam akaniambia nitoke nje nikapoe, na nikatoka kwa kubamiza mlango, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

Mwenzangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi za maabara. Akakaa. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Nilipokwenda kwenye pikipiki, wewe ulifanya nini?"

"Nilikiosha."

"Basi?"

"Basi."

Akatikisa kichwa. Kuosha hakuna ubaya, akasema. Akatoa simu, akaivua saa ya baba yake, akaviweka viwili hivyo pamoja juu ya goti na kuanza kuvilinganisha. Alivitazama dakika nzima, kisha nyingine. "Labda hii saa ni mbovu," akasema. "Labda kweli nilichelewa na sijui." Nikaona mtu anaanza kutojiamini mbele ya macho yangu.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Mpanda. Kesho yake kulikuwa na ubatizo mtaa wa Ilembo, mama alikuwa amepewa kazi ya supu, na alinihitaji. Nilifika mchana, nikavua viatu, nikakaa kwenye kigoda uani mbele ya beseni. Yeye anamwagia maji ya moto, mimi nakwangua. Sikuwa naongea, na mama, ambaye amezoea niishinde redio kwa maneno, alinitazama mara mbili bila kuuliza.

Nilikuwa nimefikia utumbo wa nne, kijiko kinakwenda chenyewe, na akili iko Mishamo, kwa mzee nisiyemjua ambaye ataona mtoto wake anashuka na begi. Nikatazama kijiko. Kilikuwa kimejaa ule utelezi wa kijivu tunaouondoa kila siku. Nikaupaka kwenye kidole gumba. Ute. Ute unatoka kwenye zile seli zenye umbo la kikombe. Seli za kikombe zinakaa kwenye vidole. Na ili kunibandua mimi mwenyewe shavuni, kilitosha kijiti cha meno, kwa upole.

Kijiko kikanitoka mkononi.

"Mama, hiki ni nini?"

"Uchafu."

"Uchafu wa wapi?"

"Wewe ndiye wa chuo halafu unaniuliza mimi?" Akainama, akashika beseni kwa masikio yote mawili, tayari kulimwaga kwenye mfereji.

"Usimwage!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mama akabaki ameinama, beseni mkononi.

Nisijifanye mtakatifu. Kabla sijafurahi kwamba nimelijua jibu, niliogopa. Muuza chai peke yake ndiye aliyeona, naye hana haja ya kujua. Nikinyamaza, alama zangu ziko salama, maana saini si yangu. Nikisema, mimi niliyekuwa nikijisifu kwa utumbo muhula mzima nitakuwa ndiye niliyeukwangua utumbo ukabaki hauna utumbo. Nilikaa na mawazo hayo pengine kwa muda wa maji kupoa. Ninayachukia mpaka leo, lakini niliyawaza.

Nikamweleza mama yote. Alisikiliza huku ameweka beseni chini, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mtoto wa watu anafukuzwa kwa sababu ya usafi wangu?"

"Kwa sababu ya usafi wangu mimi."

"Nani amekufundisha?" Akaingia ndani, akatoka na chupa tupu ya asali. "Weka humo, mayu. Jaza. Wasije wakasema haitoshi." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

Nikamwambia kidogo kinatosha, ila kinahitaji dawa ya kukihifadhi. Akanituma duka la dawa nikachukue spiriti. Nikachota vijiko vitatu vya uchafu wetu, nikaufunika kwa spiriti, nikafunga kifuniko na mfuko wa nailoni juu yake. Mama akaongeza fundo la pili, kwa sababu hakuliamini la kwanza.

Jumapili jioni nilirudi chuoni na ile chupa mapajani. Tulipopita katikati ya Hifadhi ya Katavi, kondakta aliagiza madirisha yafungwe kwa ajili ya mbung'o, na ndani ya joto lile harufu ikaanza kujitambulisha. Abiria wa pembeni, mama mwenye mtoto, akauliza nimebeba nini. Nikasema dawa. Akauliza inatibu nini. Nikamwambia sijui kama itatibu.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Madam kabla hajafika. Niliomba radhi kwa mlango wake, kisha nikaongea bila kupumua: kikombe cha maji ya moto, mgongo wa kisu, mama, kijiko, beseni. Sikumpa nafasi ya kunikatiza kwa sababu ningelia. Nikaweka chupa juu ya meza, juu ya karatasi ambayo niliona jina la mwenzangu limeandikwa.

Madam alifungua chupa. Alichukua tone, akaweka kwenye kioo, akatia rangi ya bluu, akainamia hadubini. Akakaa hapo muda mrefu sana. Halafu akatoa slaidi yetu kabatini akaitazama tena, safari hii si pale palipokuwa patupu bali chini yake kidogo.

"Njoo uone," akasema.

Kwenye tone vilikuwepo. Vidole vilivyokatika, vimelala ovyo kimoja juu ya kingine, vingine bado vimevaa safu yao ya seli, na vikombe vya ute vikiwa ndani yake. Nilivitazama kwa furaha ambayo haikuwa na adabu, ukizingatia mwenzangu alikuwa wapi wakati ule. Vitu vyote hivi vilikuwa vimepita kwenye mikono yangu kila asubuhi na nilikuwa nimevimwaga kwenye mfereji.

Kisha akanionyesha slaidi yetu. Chini ya ukuta mtupu kulikuwa na vishimo, mizizi ya vile vidole, na kila shimo lilikuwa na seli zake zimekaa vizuri kabisa. "Kama ungejimeng'enya," Madam akasema, zaidi kwa nafsi yake, "na hivi vingeharibika. Vimekatwa juu tu. Hili nilipaswa kuliona Ijumaa." Akavua miwani. "Kamwite mwenzako."

Nilimkuta bwenini amekaa kitandani. Begi lilikuwa limeshafungwa. Alikuja nyuma yangu bila kuuliza, akasimama mbele ya meza ameshika mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa. Madam alisimama pia.

"Saa yako haina kosa," akamwambia. "Kosa ni langu. Nisamehe."

 Mwenzangu aliitazama saa mkononi mwake, kisha akaifunika kwa kiganja. Nikageuka nikatazame dirishani ili kila mtu apate nafasi yake.

Alipewa alama zote za saa na formalini. Mimi nilipewa sifuri ya kuandaa sampuli, nikamaliza somo na C, na ile C naipenda kuliko A zangu zote. Siku hiyo hiyo, kwa sababu siwezi kuacha, nilimuuliza Madam kama ng'ombe aliye hai naye huwa anapoteza zile seli. Akasema kila baada ya siku chache zote huanguka na mpya huota, kwake na kwetu, bila mtu kujua. Hakuniambia niliandike swali nyuma ya daftari.

Mwisho wa mwaka mwenzangu alifaulu. Akiwa njiani kwenda kwao alipita Makanyagio kumsalimia mama, akiwa na chupa ya asali ya baba yake kulipia ile tuliyoichukua. Mama alimpakulia supu bakuli mbili na kumtazama mpaka alipomaliza. Akamuuliza kama ni kweli kwamba ule uchafu ndio unaomlisha ng'ombe. Mwenzangu akasema ndiyo, mama, bila huo ng'ombe angekufa na njaa tumbo limejaa. Mama akaangalia vidole vyake.

Hajaacha kukwangua, maana wateja wake hawali epithelia. Ila nikiwa nyumbani, kazi ikiisha, mama huliinua beseni, hufika nalo mpaka ukingoni mwa mfereji, kisha husimama na kuniita.

"Mayu, nimwage, au kuna mtoto wa watu anafukuzwa?"